Nani Huyu Kuria?

Kila Jumamosi, nikishafua sare yangu na kumtekea mama maji, nilitoka kwetu Kipsongo mbio hadi maktaba ya mji wa Kitale. Mama alikuwa akiuza ndizi karibu na stendi, naye akiniona napita alipaza sauti, "Bilha! Ukifika huko ukumbuke kurudi!" Mwaka huo wa 1994 nilikuwa darasa la saba, na hakuna kitu kilichoninyima usingizi kama vitabu vya Kijapani.

Vilikuwa vitabu vya hadithi za picha. Bi Haruko, mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, aliviacha alipomaliza muda wake wa kufundisha sayansi, vingine Kitale na vingine maktaba ya Bungoma. Alikuwa amebandika vijikaratasi vya Kiingereza juu ya maneno ya Kijapani, kimoja kimoja. Mama yangu wee, subira hiyo mimi sina! Tena hadithi zenyewe hazikuwa zimeisha. Kitabu kipya kilipotoka kwao, Bi Haruko alikituma kwa posta. Nilikuwa nikifuata tatu kwa pamoja: ya nesi wa kisiwani, ya mvulana mfuga ndama kwenye theluji, na ile niliyoipenda kuliko zote, ya Emi, msichana fundi wa baiskeli aliyetaka kushindana na wavulana.

Kitabu cha pili cha Emi nilikisomea Bungoma kwa shangazi, wakati wa likizo. Cha tatu ndicho kilichokuwa kwenye mkoba wangu. Cha nne kilikuwa kimefika, na Mzee Wabwile, mtunzaji wa maktaba, aliahidi kuniwekea hadi Jumamosi.

Jumatatu, Mwalimu Mathenge alitutaka tusimulie vitabu tulivyosoma. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikamwaga hadithi yote. Emi alitengeneza baiskeli kuukuu, akafanya mazoezi mlimani, na mwishoni kabisa, siku chache kabla ya mashindano, akaanguka na kuvunjika mkono.

"Lete hicho kitabu," mwalimu akasema.

Alikifungua jinsi sisi sote tunavyofungua vitabu. Uso wake ukakunjamana.

"Bilha, huyu msichana ana bandeji tangu ukurasa wa kwanza. Wewe unasema alivunjika mkono mwishoni?"

"Huo si ukurasa wa kwanza, mwalimu. Ni wa mwisho. Vitabu hivi vinaanzia nyuma."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Ati kitabu kinaanzia nyuma! Hukukisoma. Umetazama picha, ukajitungia lako. Na huyu Kuria ni nani?" Akaonyesha neno lililoandikwa kwa wino kwenye jalada: KURIA. "Kwetu Nyeri akina Kuria ni wengi, lakini sijui kama kuna anayeandika jina lake kwenye kitabu cha maktaba. Umekitoa wapi?"

"Maktaba, mwalimu. Huyo Kuria simjui."

"Unaongeza uongo juu ya uongo. Nipe kadi yako ya maktaba. Ijumaa, kwenye gwaride, utaomba msamaha mbele ya shule nzima kwa kudanganya. Usipoomba, kadi hii huioni tena."

Nilimkabidhi kadi.

Wiki hiyo kila mtu alinipa ushauri ule ule. Jepchirchir, rafiki yangu wa dawati moja, alininong'oneza, "Si useme tu pole yaishe, bana! Utapata kadi, usome kitabu chako, maisha yaendelee."

"Nisemee nini pole? Kwa kusoma?"

"Wewe kichwa ngumu!"

Mama naye alinisikiliza huku akipanga ndizi. Aliogopa, nilimwona. "Mwanangu, mwalimu ni mwalimu. Neno moja tu linakushinda?"

"Mama, ulinichapa mwaka jana kwa kukudanganya kuhusu sukari. Sasa nikisimama pale niseme nilidanganya, na sikudanganya, hapo si ndipo nitakuwa nimedanganya?"

Mama alishika ndizi mkononi akanitazama. Usiku huo alinipigia pasi sare yangu kwa makaa, jambo ambalo hakuwa akilifanya katikati ya wiki.

Ijumaa ikafika. Bendera ilipandishwa, wimbo ukaimbwa, kisha jina langu likaitwa. Nilipita mbele. Nilitaka kadi yangu, jamani. Nilimtaka Emi. Mwalimu Mathenge alikuwa amekishika kile kitabu.

"Haya, Bilha. Omba msamaha."

"Sitaomba, mwalimu."

Shule nzima ikaguna. Mwalimu mkuu akavua miwani yake.

"Unasemaje?" Mwalimu Mathenge akauliza.

"Sina kosa. Naomba ufungue kitabu pale ulipofungua Jumatatu, kisha usome kwenda mbele. Kurasa chache tu. Uwaambie wenzangu unachokiona. Ukiona nimedanganya, unichape hapa hapa."

Nilidhani angenifukuza. Lakini mwalimu mkuu alitikisa kichwa kukubali, naye Mwalimu Mathenge akafungua kitabu kwa kishindo.

"Msichana ana bandeji," alianza. Akafunua. "Yuko hospitali, daktari anamfunga hiyo bandeji." Akafunua tena, sauti ikipungua. "Anaanguka mtaroni." Akafunua. "Anapanda baiskeli... mkono wake ni mzima."

Akarudi ukurasa mmoja nyuma, akatazama tena.

"Mwalimu," nikasema, "mtu hufungwa bandeji kwanza, ndipo aanguke?"

Wanafunzi walicheka hadi vumbi likatimka. Mwalimu alikigeuza kitabu, akatazama jalada la upande wa pili, akaanza upya huko. Midomo yake ilikuwa ikisoma vijikaratasi vya Bi Haruko. Aliporudi kwenye lile neno la wino, alilitamka kwa sauti, polepole: "Kuria."

Nami kichwani nikasikia sauti ya Mzee Wabwile. Lo! Wiki nzima mbona sikufikiri?

"Mwalimu, Kuria si mtu! Ni mkono. Mzee Wabwile wa maktaba ndiye aliyeandika, na ulimi wake hugeuza l kuwa r. Ameandika anavyosema: kuria. Yaani kitabu kinaanzia kulia!"

Kicheko kilichofuata kilinichoma, maana sasa walikuwa wakimcheka mzee. Niliwageukia.

"Mnacheka nini? Yeye ndiye pekee katika mji huu aliyejua kitabu kinaanzia wapi, akaandika. Nyinyi mmeandika nini?"

Mwalimu Mathenge alifunga kitabu, akatoa kadi yangu mfukoni akanipa mbele ya wote.

"Sikilizeni," alisema. "Nimekosea. Niliona kitu nisichokijua nikakiita uongo, badala ya kuuliza. Mimi ndiye ninayeomba msamaha, na ninamwomba Bilha." Akawageukia wanafunzi, akaendelea. "Ukifanya kosa, omba msamaha haraka, usingoje kusukumwa. Lakini kosa usilolifanya, usilikubali ili upendwe au upewe kitu. Huo nao ni uongo, hata kama anayekuamrisha ni mwalimu wako. Msichana huyu amelijua hilo kabla yangu."

Machozi yalinitoka, na nilijikasirikia kwa kuyatoa baada ya kuyazuia wiki nzima.

Kengele ilipolia, mwalimu aliniita kando karibu na mlingoti. Alishusha sauti, akaangalia huku na huku kama mtu anayetaka kuazima kitu.

"Bilha, hebu nidokezee. Huyu Emi, na mkono huo, atashindana kweli?"

"Siwezi kukuambia, mwalimu," nikamjibu. "Kaanze cha kwanza."