Aliyebisha Mlango

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare na kuzianika, Apondi alimpeleka mdogo wake Obura kwa Mama Wacuka kutazama video. Familia zote mbili zilikuwa za wapangaji katika ploti moja mjini Kitengela. Mama Wacuka aliuza mitumba sokoni, na ni yeye tu katika ploti hiyo aliyekuwa na deki ya video. Watoto walivua viatu mlangoni na kuketi sakafuni. Apondi alikuwa darasa la saba. Obura alikuwa ndio kwanza amemaliza darasa la kwanza, na kwa kuwa hakuelewa Kiingereza, dada yake alimtafsiria kila kitu sikioni.

Jumamosi moja ya Desemba, mwaka wa 2001, Wacuka, binti wa mwenye deki, aliweka filamu ya Krismasi. Ilihusu dereva wa lori katika nchi ya baridi, aliyewaahidi watoto wake kwamba angerudi kula nao sikukuu. Obura alisogea karibu na televisheni.

Baba yao, Okoth, alikuwa dereva wa lori pia. Alisafirisha vitunguu na nyanya kutoka Kimana hadi Nairobi, mpaka mwezi wa Juni lori lake lilipopinduka karibu na Mashuuru. Walimzika nyumbani kwao Ugenya. Obura alikuwa na surua wakati huo, kwa hivyo aliachwa kwa Mama Wacuka. Mama yake aliporudi kutoka mazishini alishindwa kumwambia. Alisema baba amesafiri, na akamsihi Apondi aseme vivyo hivyo.

Katika filamu, simu ililia. Mama wa wale watoto alisikiliza, akaiweka chini, akageukia ukuta na kulia. Obura aliuliza analilia nini. Apondi hakujua, kwa maana aliyepiga simu hakuonyeshwa wala kusikika.

"Analia kwa furaha," akamnong'oneza. "Ameambiwa baba yuko njiani."

Mwishoni sahani ya baba iliwekwa mezani. Mlango ukabishwa, watoto wakakimbia, mkono wa mmoja ukashika kitasa. Hapo filamu ikaisha na majina yakaanza kupanda kwenye kioo.

Ubishi ulianza papo hapo. Musila, mtoto wa jirani, alisema aliyebisha ni baba. Wacuka alikataa: kama baba alikuwa hai, mbona mama alilia vile? Aliyebisha alikuwa polisi, ameleta habari mbaya. Musila akauliza kwa nini basi mama aliweka sahani ya mtu aliyekufa.

"Labda alishindwa kuwaambia watoto wake," Wacuka akasema.

Apondi akainuka kwenda kutafuta viatu vyao mlangoni. Obura alimvuta mkono akitaka kujua ni nani aliyekuwa mlangoni.

"Ni baba yao," akajibu.

"Basi na wetu atakuja Krismasi."

Apondi angeweza kunyamaza. Lakini alitazama uso wa mdogo wake, ambao hakuwa ameuona ukiwa na furaha hivyo tangu Juni, akasema, "Atakuja."

Siku ya Krismasi walitoka kanisani, mama yao akapika kuku na chapati. Obura alikataa kuvua shati lake jipya. Alileta sahani moja zaidi, akaiweka mezani. Mama aliitazama bila kuelewa. Kabla hajauliza, mlango ukabishwa.

Obura alikimbia akiita, "Baba!" Akafungua. Nje alisimama Mama Wacuka na bakuli la pilau. Obura alichungulia nyuma yake, kisha akatazama mpaka getini. Hakukuwa na mtu mwingine. Akakaa pale pale kizingitini.

"Apondi alisema atakuja," akamwambia mama yake. "Kama kwa video."

Mama aliketi sakafuni karibu naye. Mikono yake ilikuwa bado na unga.

"Apondi alisema hivyo kwa sababu mimi nilimfundisha kudanganya," akasema. "Baba yako alifariki, Obura. Lori lilipinduka. Tulimzika nyumbani."

Obura akauliza kwa nini hawakumpeleka. Mama akamwambia alikuwa mgonjwa wa surua.

"Mngenifunika na blanketi."

Mama alimkumbatia, na wakalia wote, hata Mama Wacuka aliyekuwa angali amesimama na bakuli lake. Chakula kilipoa. Obura alilia mpaka akalala mapajani mwa dada yake.

Likizo ya Aprili, mama aliwapeleka wote wawili Ugenya. Nyasi zilikuwa zimeota juu ya kaburi. Obura aliuliza kichwa cha baba kiko upande gani. Alipoonyeshwa, aliketi upande huo na kuanza kumweleza baba yake habari za darasa la pili.

Apondi alimtazama kwa mbali. Alimweleza mama yake jinsi filamu ilivyoisha, akasema hakukusudia kumuumiza Obura, alitaka tu afurahi.

"Hata mimi nilitaka hivyo," mama akasema. "Waliotengeneza ile filamu waliweza kuuacha mlango umefungwa, kila mtu akachagua mwisho wake. Mtoto hawezi kuachwa akibahatisha kama baba yake yuko hai. Tulipomficha, alimngojea peke yake miezi yote hiyo. Ukweli ulimliza, mwanangu, lakini sasa tunalia naye. Usimnyime mtu ukweli wake kwa sababu unamwonea huruma. Mwambie, halafu ukae naye."

Apondi alipanguza macho yake. Kisha akaenda kuketi kando ya mdogo wake.