Mstari Shambani kwa Mama Mkwe

Duka la fotokopi lililotazamana na lango la wizara lilikuwa limefurika hadi barazani. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na kila aliyekuwemo alishika karatasi iliyotakiwa tangu Ijumaa. Binti mmoja wa gauni la zambarau aligeuka ghafla na bomba refu la ramani begani, na ncha ya bomba ikaangusha miwani usoni kwa kijana aliyekuwa nyuma yake.

"Dada, kama nimekukosea si useme tu?"

"Maskini! Samahani kaka, hili bomba halioni."

"Na sasa mimi pia sioni. Tumelingana."

Binti akachuchumaa kati ya viatu vya watu mpaka akaipata miwani. Alipoinuka ndipo akamtazama vizuri: mrefu, shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi kali, na mfukoni doa la wino la ukubwa wa kifungo.

"Hiyo ni kalamu imevuja?"

"Mhuri. Niko idara ya mipango ya ardhi. Na wewe?"

"Nachora ramani, shirika la kuhifadhi wanyamapori."

"Kumbe tunalishana," akacheka. "Ninyi mnaleta, sisi tunagonga."

Zamu yao ilipofika walikuwa wameshapeana namba. Jioni hiyo simu yake ikalia.

"Bi Ramani, nimepotea. Nielekeze."

"Uko wapi, Bwana Mhuri?"

"Mawazoni mwako, natumaini."

"Basi umekosea njia. Rudi mpaka kwenye duka la fotokopi uanze upya."

Alianza upya kweli. Kesho yake alimsubiri pale pale na soda mbili baridi. Baada ya hapo ilikuwa simu asubuhi, simu mchana, na Jumapili kutembea bustanini mpaka viatu vya binti vilipomchubua, naye akavivua akatembea peku bila aibu. Walikubaliana jambo moja tu: habari za ofisi zibaki ofisini. Binti ndiye aliyelitaka hilo, kwa sababu ofisini kwake kulikuwa na kitu kilichomkaba kooni kama mwiba wa samaki.

Shirika lilikuwa linaandaa ushoroba, yaani njia ya wanyama kutoka hifadhi moja kwenda nyingine. Kwa miaka miwili tembo tisa walivalishwa kola zilizoonyesha kila walikopita. Binti alichora nyayo zao mwenyewe: ukanda mwembamba, upana wake haukuzidi kilomita moja.

Mkurugenzi akaitazama ramani ile, akatabasamu. Alikuwa mtu wa sauti laini na manukato mengi, asiyemfokea mtu.

"Panua, binti yangu. Iwe kilomita nane."

"Lakini tembo hawapiti huko, mkuu. Huko kuna vijiji."

"Tembo hawatufadhili. Wanaotufadhili wanapenda kitu kinachoonekana wakiwa kwao, ukutani."

Mkataba wake ulisema kila alichokichora ni mali ya shirika. Na wizarani hakukuwa na wa kumkimbilia: magari ya idara yalikuwa zawadi ya shirika, kompyuta zawadi, semina zawadi, hata kiti alichokalia Bwana Mhuri kilikuwa na nembo ya shirika mgongoni. Binti akapanua. Siku ile hakula.

Wiki tatu baadaye simu ikalia mchana, bila utani.

"Njoo kwenye ngazi za wizara. Sasa hivi."

Alimkuta amesimama, ramani mkononi, miwani imeteremka hadi ncha ya pua.

"Kijiji hiki unakijua?"

"Kwa jina tu, mpenzi."

"Mama yangu anaishi hapo, shamba lake ni hili, bondeni. Vijiji kumi na kimoja vimo ndani ya mstari, vinatakiwa vihame. Herufi hizi za jina pembeni ni za nani?"

"Zangu."

"Leo Mkurugenzi wenu amekuja kumshukuru bosi wangu. Amesema, 'Binti yetu ametulainishia njia hapa kwenu.' Mbele yangu! Miezi mitano nilidhani napendwa, kumbe nalainishwa?"

"Si kweli! Sikujua kijiji cha mama ni kipi, hukuwahi..."

"Nimeambiwa nibadilishe nembo tu. Rasimu ya tangazo la ushoroba ni yenu neno kwa neno, sisi tunaweka nembo ya serikali juu. Nikikataa, wataniambia natetea shamba la mama. Nikikubali, namfukuza mama. Nimenaswa, na aliyetega ni wewe."

Akapanda ngazi bila kugeuka. Siku kumi na mbili simu iliita mpaka ikachoka.

Binti akaingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi. "Ulisema nini juu yangu wizarani?"

"Nilikusifu, binti yangu. Mapenzi nayo ni ushawishi." Akamsogezea kiti. "Kama unataka kuondoka, mlango uko wazi. Ila kompyuta inabaki, na ramani zinabaki."

Hakukaa. Alirudi mezani kwake akatazama kuta, na kila ukuta ulikuwa na picha ya mnyama aliye huru. Ndipo macho yakaangukia rundo la vijitabu walivyogawa bure kwenye semina, mwaka mmoja uliopita. Ukurasa wa kumi na nne, kwa vidoti vidogo visivyosomwa na mtu, zilichapishwa nyayo za tembo wale tisa. Zilikwishatoka hadharani. Hazikuwa siri ya mtu tena.

Akaomba likizo ya siku tatu. Juu ya meza ya jikoni, kwa rula na penseli, akauchora upya ule ukanda mwembamba. Vijiji kumi vikatoka. Cha kumi na moja kikatoka nusu. Akapima, akafuta, akapima tena, jasho likamtoka. Mstari wa kweli ulipita katikati ya shamba la mama yake Bwana Mhuri.

Alimpigia Bwana Mhuri kwa simu ya jirani.

"Haloo?"

"Usikate. Nina ramani ya kweli, naileta kwenye mkutano wa wadau Alhamisi. Vijiji kumi vimesalimika. Lakini mama yako anapoteza nusu ya shamba, kule bondeni. Nimeona uyasikie kwangu kwanza."

Upande wa pili mlango ukafungwa.

"Sogeza," akasema kwa sauti ndogo. "Kidole kimoja tu. Nani atajua?"

"Kidole kimoja kinaangukia kwa jirani yake. Na hapo nitakuwa nimefanya kazi ya Mkurugenzi kwa mkono wangu."

"Ni mama yangu."

"Najua. Hujui ninavyojua." Sauti ilikatika, akaiokota. "Aliyetumwa kukulainisha angekusogezea, mpenzi."

Akamsikia anavuta pumzi, kisha simu ikakatwa.

Alhamisi ukumbi ulijaa makoti na chupa za maji. Binti alibandika karatasi yake ya penseli pembeni ya ramani ya rangi, akaeleza, kijitabu cha semina mkononi. Mkurugenzi akasema kwa upole kwamba mfanyakazi wake ana msongo wa mawazo. Watu wakaanza kucheka. Nyuma kabisa kiti kikasukumwa.

"Mama yangu analima ndani ya mistari yote miwili," alisema Bwana Mhuri, "kwa hiyo nipimeni mtakavyo. Ila rasimu mliyonayo haikuandikwa wizarani. Tuliletewa. Mimi niliweka nembo tu."

Hakuna aliyecheka tena. Mjadala ulikwenda hadi alasiri, na mstari mwembamba ukapita. Kabla jua halijatua binti hakuwa na kazi. Jumatatu Bwana Mhuri alihamishiwa chumba cha majalada, chini, kusiko na dirisha, na jalada la kwanza aliloletewa alipange lilikuwa kanuni mpya za mito, zilizoandikwa na shirika lilelile.

Jumamosi iliyofuata walikwenda kwa mama. Walimkuta bondeni, buti miguuni, waya wa uzio mkononi.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mama."

"Aliyenikata shamba?"

"Shikamoo mama. Ni mimi."

"Marahaba." Akamtazama toka utosini hadi viatuni. "Wenzio walikuja na magari matatu wakaniambia nihame kabisa. Wewe umekuja kwa miguu kuniambia nusu. Nusu inauma, lakini ina adabu. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Wewe yako imewahi. Shika nguzo."

Akashika kwa mikono miwili. Bwana Mhuri akainua nyundo, akaishusha tena.

"Nataka kukuoa. Mimi sina dirisha, wewe huna ofisi."

"Unaniposa nikiwa nimeshika nguzo? Siwezi hata kukimbia!"

"Ndiyo maana nimechagua sasa."

"Nguzo inainama hiyo!" mama akapaza sauti. "Mjibu mwenzio tufanye kazi!"

Akacheka, machozi yakimshuka bila mkono wa kuyafuta. "Nimekubali. Haya, gonga."

Wakagonga nguzo moja baada ya nyingine hadi kona ya mwisho. Upande wa pili wa waya, uliokuwa sasa wa tembo, mahindi ya mama yalikuwa yamefika kiunoni, mabichi, na mama aliyapa mgongo, hakuyatazama tena.