Shibe ya Bi Ruqaiya

Kila asubuhi Hadiya hupanga vikombe mkekani huku bibi yake, Bi Ruqaiya, akijidunga sindano yake ya sukari. Nyumba yao iko Shela, Malindi, na Bi Ruqaiya ameishi humo tangu alipoolewa. Akimaliza sindano hunawa, hukaa, hungoja. Hagusi kitu. Hadiya humkaribisha chai, naye husema angali ameshiba cha jana. Hadiya humkaribisha tena, naye husema basi, kidogo tu. Mara ya tatu Hadiya humtilia hamri mkononi, na hapo bibi hula vizuri mpaka mbaazi zinakwisha sahanini.

Ndivyo alivyolelewa. Watu wa makamo yake hawarukii chakula hata tumbo likiwa linanguruma, wala hawaombi, hata ndani ya nyumba zao wenyewe. Anayekukaribisha mara moja tu huyo hajakukaribisha, amekupitishia salamu. Hadiya na ndugu yake mdogo, Faiz, walilijua jambo hilo kabla hawajajua kusoma.

Likizo ya Agosti ilipofika, baba yao, ambaye yuko kazini Doha, alituma pesa kidogo za kuwatembeza watoto. Mama yao, Batuli, binti yake Bi Ruqaiya, akaamua waende wote Kilifi, walale usiku mbili katika chumba cha kukodi, na siku moja wakashinde Bustani ya Mawimbi. Hiyo ni bustani ya michezo iliyofunguliwa ng'ambo ya daraja, upande wa Mnarani, yenye mabwawa, bembea na mitelezo ya maji. Shule nzima ilikuwa ikiisema. Bi Ruqaiya naye alichukuliwa, maana hakuna aliyetaka kumwacha peke yake na sindano zake.

Pesa hazikuruhusu mzaha. Batuli alimwita Hadiya wakapange chakula pamoja, akisema msichana wa miaka kumi na mitatu lazima ajue nyumba inavyokula. Nauli, chumba na kiingilio vilikwisha kutengwa. Kilichobaki wakakigawa: asubuhi chai wapike wenyewe chumbani, mchana wale vya kubeba kutoka nyumbani, sambusa, viazi vya karai na tende za bibi, jioni wanunue wali wa nazi na samaki mjini Kilifi, ambako bei haiumi. Mwishoni Batuli akauliza kama kuna mtu waliyemsahau. Hadiya akajibu kwamba aliyedungwa sindano asubuhi lazima ale mchana, kwa sababu dawa ile huishusha sukari mwilini, na isipokuta chakula huishusha kupita kiasi. Alilisema kwa kinywa chake. Tulishike hilo, maana baadaye walitokea watu wa kusema ati ni mtoto, hakujua.

Siku ya bustani mambo yalianza kuharibika langoni. Mlinzi alikifungua kikapu chao, akachungulia, akakifunga. Chakula cha nje hakiingii. Batuli akasihi, akaeleza kwamba wana mgonjwa, lakini mlinzi akasema amri si yake. Kikapu kitakaa hapo langoni mpaka watakapotoka. Batuli angeweza kupiga simu kuuliza kabla ya safari, na hakuuliza. Kosa hilo alilikiri pale pale. Tende za bibi zikabaki ndani ya kikapu.

Huko ndani sahani moja ya wali na kuku iliuzwa shilingi mia nane. Mjini Kilifi pesa hizo zinashibisha watu watatu na soda juu. Batuli alisimama mbele ya ubao wa bei akipiga hesabu upya, midomo ikimcheza. Hatimaye akaamua jioni wale mkate na chai, na ile pesa ya samaki inunue sahani mbili mchana: moja yake na Faiz, moja ya Hadiya na bibi. Faiz hajui kuogelea, haachwi majini hata dakika, na bwawa la watoto lilikuwa mbali, upande wa pili wa bustani. Kwa hivyo Batuli akamkabidhi Hadiya mia nane.

"Saa sita ikifika tu, mnunulie bibi yako chakula," alimwambia. "Mle pamoja, lakini aanze yeye. Usimcheleweshe, Hadiya. Nakutegemea."

Bi Ruqaiya akaketi kwenye benchi chini ya paa la makuti, viatu vya wote na mikoba pembeni yake, akiwatazama watu. Alifurahi. Alisema hajapata kuona watu wazima wakipiga kelele vile bila kufiwa.

Sasa katika darasa la Hadiya kuna msichana anayeitwa Cynthia, na siku ile Cynthia alikuwepo na wazazi wake. Alivaa mkononi ukanda wa manjano unaomruhusu mwenyewe kupanda kila kitu. Hadiya alilipiwa kiingilio tu. Mtelezo mkubwa, ule unaoonekana tangu barabarani, ulitaka shilingi mia sita nyingine. Cynthia alimvuta mkono waende, kisha akamwuliza, bila ubaya wowote, kama mama yake hakumlipia. Hadiya alisikia masikio yakimuwaka. Akasema amelipiwa, ila pesa ziko kwa bibi, anakwenda kuzichukua.

Saa sita ilikwisha pita. Hadiya alisimama mbele ya benchi, mguu mmoja umekwisha geukia kule anakotaka kwenda.

"Bibi, utakula?"

"La, mwanangu, nimeshiba. Kuleni nyinyi."

"Haya," akasema Hadiya, akaondoka.

Basi, mara moja. Wala hakusema karibu. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza saa. Na neno lile nimeshiba, ambalo maisha yake yote alijua maana yake ni niulize tena, siku ile alilichukua kama lilivyo kwa sababu lilimfaa. Alilitaka. Bibi angemjibu ndiyo, yeye angekasirika.

Mia sita zikaenda kwenye mtelezo, mia mbili zikaenda kwenye aiskrimu. Njaa ilipomshika, alikula chipsi za Cynthia. Alipiga kelele akishuka, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Alifurahi, hakuna haja ya kudanganya. Baadaye mama yake alimtoa Faiz majini akamkalisha ukingoni, akaja mbio, nguo zikimtiririka maji, akauliza kama wamekula.

"Tumekula, mama."

"Na bibi? Amekula vizuri?"

"Amekula."

Batuli akamshukuru Mungu, akarudi kwa Faiz.

Na Bi Ruqaiya alikuwa akingoja. Mjukuu wake amekwenda, atarudi, atamkaribisha tena. Hakuwa na shaka. Akaanza kutokwa na jasho, na upepo unavuma. Mikono ikamtetemeka. Watu walipita mbele yake na sahani, na yeye hakumwomba mtu, kwani angeanzia wapi? Mwisho akainuka awatafute wenziwe. Sakafu ilikuwa na maji. Akateleza, akaangukia mkono wake wa kushoto, na hakuinuka.

Batuli alipofika watu walikwisha zunguka. Mama yake alikuwa amelala chini, buibui limelowa na kupanda magotini, mtandio umemvuka, mvi zake zote nje. Wanaume asiowajua walikuwa wamemshika mabega. Kijana mmoja alinyanyua simu akipiga picha. Yule ni mwanamke ambaye tangu uhai wake hakuna mwanamume wa kando aliyeziona nywele zake. Batuli alivua mtandio wake mwenyewe akamfunika nao, yeye akabaki kichwa wazi, akilia kwa sauti kuita msaada. Hadiya alisimama nyuma ya watu, bado amelowa maji ya mtelezo.

Hospitalini muuguzi mmoja, Damaris, alimpima bibi sukari, akamtundikia maji yenye glukosi. Mkono ulikuwa umevunjika kifundoni, ukafungwa plasta. Bibi alipozinduka na kuweza kusema, Damaris akauliza mara ya mwisho mgonjwa alikula lini. Batuli akasema mchana, wali. Damaris akatikisa kichwa. Alisema sukari aliyoipima si ya mtu aliyekula wali, na kama wangechelewa kidogo wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Wote wakamgeukia Bi Ruqaiya.

Bibi alimtazama Hadiya.

"Nilikataa," akasema. "Mtoto aliniuliza, mimi nikakataa."

Hadiya angeweza kusema pale. Aliinamisha kichwa, akaacha maneno ya bibi yamsitiri.

Waliporudi Malindi, mjomba wao Muhdhar akaja kutoka Mombasa. Ni mtu mwema, lakini hofu ikimwingia husema kwa ukali. Alisema mzee anayekataa chakula na ana sindano mwilini, na wajukuu wanamfichia ati amekula, hawezi kuachiwa nafsi yake. Atamchukua akakae kwake, ghorofa ya nne, na ataajiri msichana wa kumlisha kwa saa. Nyumba ya Shela itapangishwa, na Batuli na watoto watatafutiwa vyumba viwili. Batuli akabisha siku mbili, halafu akachoka. Naye moyoni alikuwa amemkasirikia mama yake kwa kukataa kula.

Bi Ruqaiya hakujitetea. Akisema alivyokaribishwa, atamfedhehesha mjukuu. Akinyamaza, atapoteza nyumba yake. Akanyamaza. Majirani wakaanza kuja kumuaga, kila mmoja akimlaumu kwa upole, ati mbona Bi Ruqaiya kujifanyia hivyo. Aliwaitikia wote kwamba ni kweli, amekosa.

Hadiya ndiye aliyepewa kazi ya kumkunjia nguo, kwa kuwa bibi alikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Siku nzima walikunja. Jioni bibi akamwuliza kama huko ghorofani kwa mjomba kuna baraza.

"Hakuna, bibi," alisema Hadiya. "Kuna ngazi tu."

"Haya," bibi akajibu, akaendelea kukunja buibui kwa mkono mmoja. Lilimshinda, likamteleza, akalianza upya.

Hadiya akashindwa kuvumilia. Alitoka akaenda ukumbini, ambako mama na mjomba walikuwa wakizungumza habari za gari la kubebea mizigo.

"Bibi hakukataa," alisema. "Mimi sikumkaribisha. Nilimwuliza mara moja, nikaenda kupanda mtelezo kwa pesa zake. Nilijua atasema ameshiba. Nilitaka aseme hivyo. Na wewe, mama, nilikudanganya."

Hakuna aliyempiga. Pengine angependa apigwe, lingekwisha upesi. Mjomba Muhdhar alifunika uso kwa viganja, kisha akachukua simu akamwambia mwenye gari asije. Bi Ruqaiya hataondoka. Hilo liliamuliwa mara moja, na lilikuwa jema. Lakini mkono wake hautarudi kama ulivyokuwa, daktari alikwisha sema, na ile picha iliyopigwa bustanini hakuna anayejua imefika kwa nani.

Batuli akamgeukia binti yake.

"Ulikaa nami tukapanga," alisema. "Uliona nilivyoikata pesa ya samaki wa jioni ili mchana watu wanne wale. Pesa ile haikuwa ya kubaki, Hadiya. Kila shilingi niliyokupa ilikuwa na mdomo wake. Ukiitumia kwa jingine, kuna mdomo umeufunga. Halafu ukaja ukaniambia amekula, na mimi nikaacha kwenda kumtazama. Njaa peke yake isingemwangusha. Ulimwangusha kwa uongo wako."

Hadiya akaenda kupiga magoti mbele ya bibi yake, akambusu mkono ule mzima, akaomba radhi. Bi Ruqaiya akasema radhi alikwisha mpa tangu kule hospitalini, wala hakuwa akingoja kuombwa. Hadiya akadhani yamekwisha. Akainua kichwa.

"Lakini nisikilize," alisema bibi. "Mtu akikataa chakula mara ya kwanza, ni kwa kuwa anamwamini anayemkaribisha. Anajua atarudi. Mimi nilikaa pale nikiwa na hakika nawe. Sasa sina. Sikusemi kwa chuki, nakwambia lilivyo, ulijue ungali mtoto: aliyepewa chakula cha watu amepewa uhai wao, na wakiacha kumwamini hata adabu yao huibadilisha. Nina miaka sabini, sijapata kuomba chakula ndani ya nyumba yangu. Itabidi nijifunze."

Bi Ruqaiya akajiweka sawa mkekani, akaupakata mkono wenye plasta, akamtazama mjukuu wake usoni.

"Nina njaa, Hadiya," alisema. "Niletee chakula."

Hadiya akaenda jikoni, akampakulia huku machozi yakimtoka.