Lupango la Stanislas Lilivyopewa Alama Kumi

Mutanisamehe hadithi hii ikichechemea: aliyenipa alikuwa anakimbia, godoro kichwani.

Ilianza na mita moja. Mwaka ule Katanga ilipojiita nchi, ofisi ilimtuma karani Firmin apite mtaa wa Kikula nyumba kwa nyumba, apime kila lupango, yaani kiwanja cha mtu, na nyumba yake, kisha aandike alama, sufuri hadi kumi: mali ya mtu inalindwa vipi hapa, na nani anaweza kumnyang'anya? La kwake, lile alilojihamishia tu wenyewe walipoondolewa, aliliweka mwisho. Likipata kumi angepewa hati, na nyumba aliyoijenga Stanislas, jirani aliyefukuzwa pamoja na kabila lake hadi kambi ya wakimbizi, ingekuwa yake kabisa.

Lupango lake la mita ishirini, alipolipima kwa kamba, likatoa kumi na tisa. Kesho yake, kumi na saba.

"Kamba yako iko na njaa," mkewe Colette alimtania. "Inakula udongo."

Siku ya tatu hakutania. Saa sita mchana, Kikula nzima imelala kwa joto, walisikia nyundo nje, ko, ko, ko, na harufu ya chokaa mbichi ikapenya chini ya mlango, na Firmin alipochungulia hakuona mtu, ila mawe manne ya mpaka, yale yaliyopakwa chokaa ya Kakontwe, yamesogea hadi ukutani, na nyuma ya kila jiwe mchanga umeburuzwa kama pamepita mtu asiyeinua miguu.

"Usifungue," Colette alinong'ona. "Ni jini."

"Jini iko na nyundo?"

"Na weye, uko na nyumba ya nani?"

Wakamwita mganga, Mama Marcelline. Alichimba pembeni, pale jiwe la kwanza lilipokuwa zamani, akatoa chungu kidogo: vitovu vitatu vikavu, vya watoto wa Stanislas, vilivyozikwa nyumbani kwao kama ilivyo desturi.

"Umufukuze, mama," Firmin aliomba, sauti chini.

"Stanislas alikufa kule kambini, juma yenye ilipita. Anakuya kulinda ya batoto yake." Akarudisha chungu, akafukia. "Miye nafukuza mugeni, tata. Hapa mugeni ni nani?"

Ko, ko, ko. Safari hii ndani. Jiwe la nne lilikuwa juu ya mto wa Colette, chokaa bado inachuruzika.

Firmin akabeba godoro. Lakini karani ni karani: alipofika barabarani alisimama, akajaza fomu. Ulinzi wa mali: kumi juu ya kumi. Anayeweza kumnyang'anya mwenye nyumba: akaandika jina lake yeye, Firmin, kwa herufi kubwa, asije akasingiziwa jirani.