Ubao Wenye Doa

Kila asubuhi, kabla hajavaa aproni, Fundi Tatu aliutazama ubao mfupi uliopigiliwa ukutani mwa karakana. Ulikuwa na doa jeusi. Doa lile lilikuwa damu yake.

Miaka mitatu nyuma, mwenzake aliyeitwa Haraka aliondoa kinga ya msumeno wa umeme ili apasue mbao upesi. Hakumwambia mtu. Fundi alipoushika msumeno ule, vidole vyake viwili vikaenda, mkono ukabaki na vitatu, watu wakamwita Tatu. Haraka hakuomba radhi. Fundi akaupigilia ubao ule mbele ya meza ya Haraka, auone mpaka azeeke.

Jumatatu moja Fundi aliona skrubu ya kinga imelegea. Haraka alikuwa tayari anasukuma ubao. Fundi akafunga mdomo. Kinga ikayumba, msumeno ukaurusha ubao nyuma, ukapita karibu na sikio la Haraka kama jiwe la kombeo.

Jioni Fundi hakugusa chakula.

"Chumvi imezidi, au leo una lako jambo?" mkewe aliuliza.

Jirani yao alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Ni nesi, ndiye aliyemfunga kidonda wakati ule, na husali nao kanisa moja.

"Niliona hatari, nikanyamaza," Fundi alisema. "Nilitaka Haraka aumie."

Nesi akaketi. "Shemeji, kidonda cha mkono kilipona kwa wiki sita. Hiki cha ukutani unakitonesha kila asubuhi."

"Sasa niseme hakunikosea?"

"Nani kasema hivyo? Yesu hakusema misumari haiumi. Aliwaombea msamaha waliompigilia, na hasamehewi asiye na kosa. Alipofufuka, makovu yalikuwa bado mikononi. Kusamehe si kusahau, wala si kumwachia mtu msumeno bila kinga. Ni kukataa kulipiza kisasi. Hukumu unamwachia Mungu."

"Hata hajaomba msamaha!"

"Wale wenye nyundo waliomba?"

Fundi aliutazama mkono wake.

"Basi amenitawala vya kutosha," alisema. "Mama watoto, lete chakula."

Kesho yake aliung'oa ubao ule. Akaupiga randa mpaka doa likaisha. Kisha akauchonga ukawa fimbo ya kusukumia mbao, ili vidole vikae mbali na meno ya msumeno. Akaenda nayo kwa Haraka.

"Jana niliona skrubu imelegea, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, unisamehe. Na lako la vidole vyangu, nimekusamehe."

Haraka alicheka kwa pua. "Nani kakuomba?"

"Hakuna. Na mimi sikukuomba ruhusa."

"Siku hizi umekuwa mhubiri?"

"Niite utakavyo. Ila ukiondoa kinga tena, nazima umeme na namwita bosi. Nimesamehe, sijapofuka."

Haraka alichukua bisibisi, akakaza skrubu mpaka ikalia. Akavuta ubao wa kwanza, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Lete hiyo fimbo yako, Tatu."

Ukutani palibaki tundu la msumari. Hakuna aliyeliziba. Haraka ana vidole kumi, Fundi vinane. Jumla kumi na vinane, na mpaka leo havijapungua.