Povu la Precious

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Teodora aliamka mapema kuliko majirani zake wote pale Kiseke. Alifunga sabuni na sukari kwenye mifuko midogo. Kisha alivaa kitenge cha jumuiya yao ya kanisani, akaenda na wenzake hospitali kuwaona wagonjwa wasio na ndugu. Aliwashika mikono. Aliwanywesha uji. Wengine hata majina yao hakuyajua. Watu walimsifu kwa huruma yake, na tusimfichie, sifa hizo alizipenda.

Lakini nyumba njema si mlango. Nyumbani kwake kulikuwa na mgonjwa ambaye Teodora hakuwahi kumshika mkono. Aliitwa Precious, dada mdogo wa Luhende, mume wa Teodora. Precious alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa na kifafa. Alipoletwa kutoka kijijini kwao Usagara, Teodora alimtengea sahani, kikombe na godoro la kulalia stoo. Jumuiya ilipokuja kusali nyumbani, Precious alibaki huko huko stoo.

Teodora hakuwa mkatili. Aliogopa povu. Tangu utotoni aliambiwa kwamba mtu wa kifafa akianguka, usimguse. Povu lake likikupata, na wewe utakuwa wa kuangukaanguka mpaka kufa.

Jumamosi moja alirudi kutoka hospitali saa sita mchana. Alikuta watu wamejaa uani, wamesimama kimya. Akapenya katikati yao.

Precious alikuwa ameanguka kando ya jiko la mkaa. Mwili ulitikisika. Povu lilimtoka mdomoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye makaa, na harufu ya kuungua ilijaa uani.

"Mvuteni jamani," mtu mmoja alisema. Hata yeye hakusogea.

Na Teodora je? Mikono iliyowanywesha uji wagonjwa asiowajua asubuhi ile haikuinuka. Alisimama pale pale, akatazama kama wengine.

Mara akaingia Specioza, jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa. Aliwasukuma watu, akamvuta Precious mbali na moto. Akamlaza ubavu. Akakunja khanga yake, akaiweka chini ya kichwa cha binti. Povu lilimlowesha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Getruda, katibu wa jumuiya, alileta kijiko. "Mtie mdomoni, asije akajing'ata ulimi."

"Hapana, mama," Specioza alimzuia. "Kijiko kitamvunja meno au kitamkaba. Usimtie kitu chochote mdomoni. Usimkandamize pia. Angalia saa tu. Zikipita dakika tano hajatulia, tunamkimbiza hospitali."

Baada ya dakika mbili mwili ukatulia. Specioza akaufungulia maji ya bomba mkono ulioungua. Mtu akaleta dawa ya meno ya kupaka kwenye kidonda. Specioza akaikataa.

"Ni maji safi ya baridi tu, kwa dakika ishirini. Halafu tutakwenda hospitali. Ameungua vibaya."

Teodora alikuwa bado anautazama mkono wa Specioza. "Dada," alinong'ona, "hilo povu litakuambukiza."

"Ni mate, Teodora. Mate tu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi kwa povu, wala kwa kumgusa mtu, wala kwa kula naye sahani moja. Mimi nina miaka kumi na miwili nawashika wagonjwa hawa." Specioza aliurudisha mkono wa binti chini ya maji. "Kifafa kilimwangusha tu. Aliungua hivi kwa sababu sisi majirani tulisimama tukimtazama."

Maneno yale yalimchoma Teodora. Mate tu! Binti wa nyumbani kwake ameungua mbele ya macho yake kwa kuogopa mate. Aliona haya mbele ya Mungu na mbele ya watu. Hakusubiri kuambiwa. Walipopanda bajaji, yeye ndiye aliyempakata Precious njia nzima. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumgusa.

Luhende aliwakuta hospitali. "Tumemzungusha kwa waganga miaka sita," alimwambia Specioza. "Kumbe kuna vidonge?"

"Vipo. Anakunywa kila siku, kwa saa ile ile. Asiviache hata akijiona mzima, mpaka daktari aseme."

Kidonda kilipona, ila vidole viwili vya Precious havikunjiki tena. Alitoka stoo, akalala na watoto, akala nao kwenye sinia moja. Hakuachwa tena na moto peke yake. Zamani alianguka karibu kila wiki. Sasa miezi mitatu ilipita bila kuanguka.

Kisha kukatokea msiba Usagara. Precious alikwenda, akasahau vidonge vyake nyumbani, akakaa siku mbili bila kuvinywa. Siku aliyorudi, jumuiya ilikuwa inasali nyumbani kwa Teodora. Precious aliketi mkekani na wenzake. Katikati ya wimbo, akaanguka.

Watu walirudi nyuma. Getruda alijisogeza mpaka mlangoni. Teodora alipiga magoti, akamlaza wifi yake ubavu, akamkunjia kitenge chake chini ya kichwa. Povu likamtiririkia mkononi. Hakuutoa mkono.

"Mama Getruda," aliita, "nitazamie saa."

Getruda alisita. Kisha akarudi, akachuchumaa karibu nao, akatoa simu yake. "Dakika moja," alisema. Wengine nao wakaanza kusogea, mmoja mmoja. "Dakika mbili."

Precious alitulia. Baada ya muda alifumbua macho. Alimtazama Teodora, akamtazama Getruda, akawatazama wote waliomzunguka kwa karibu. Alishangaa.

"Wifi," aliuliza kwa sauti ndogo, "mbona leo hamjakimbia?"

Teodora alimfuta povu mdomoni kwa kiganja chake, huku analia.