Honi ya Nane

Kathiravan atakukera, lakini hatakudanganya. Haya yalimpata mwenyewe mwaka jana, walipopanda milima ya Valparai, kusini mwa India, kwa pikipiki, watu saba.

Kabla ya kuondoka, kila mmoja aliweka ndimu mbele ya gurudumu lake akaikanyaga, kama ilivyo desturi ya kuianza safari. Wakakubaliana pia kwamba kila kona kali watapiga honi kwa zamu, moja moja, ili Ilango aliyewaongoza ajue hakuna aliyeachwa. Kathiravan alishika mkia.

Kwenye kona ya tisa ukungu ulishuka, mchana ukawa kama magharibi. Kathiravan akapiga honi yake. Nyuma yake ikalia nyingine, nyembamba, ya pikipiki ya zamani. Kona ya kumi, tena.

Kwenye kibanda cha chai Ilango alivua kofia kwa hasira. "Nani anapiga mara mbili? Nahesabu nane!"

"Muulize huyo mkia wetu," akacheka Senthil, aliyekuwa mbele ya Kathiravan njia nzima.

"Kaka, mimi nimepiga moja moja," Kathiravan akajibu. "Hiyo nyingine ililia nyuma yangu. Mwenye masihara hapa ni wewe."

"Mimi nilikuwa mbele yako. Ningepigaje nyuma yako?"

Wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni, chai ikipoa. Kathiravan akatoka kwenda kuikagua honi yake, asije akasingiziwa.

Pikipiki zilikuwa saba. Nyuma ya ile yake, juu ya lami, palikuwa na ndimu iliyokanyagwa sasa hivi, maji yake yangali yakichuruzika.